Meneja Hali Nyama

Kibugu, Embu
3 Machi 2025

Kijana wangu Kithinji,

Salamu kutoka Kibugu. Mvua bado, ukungu upo, na chai inachumwa hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mambo ya ukwe sipendi kuyasema kwa simu. Kwenye simu mtu hudai hakusikia vizuri, na jambo linaishia hapo. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na barua zako nitazisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Jihadhari.

Wazee wetu waliketi Jumapili. Yote mliyoleta Desemba yamepokelewa. Limebaki jambo moja, kondoo dume wa kuchinjwa siku ya sherehe, ili binti yangu Mukami awe mke wako mbele ya ukoo. Awe wa rangi moja. Asiwe na kovu wala sikio lililochanika. Aingie langoni kwangu kwa miguu yake mwenyewe, si kwa kubebwa. Na usimzoee. Mnyama akizoewa huleta machozi, na mjomba wa Mukami, mzee Gitari, ambaye ndiye msemaji wetu, hawezi kula nyama mbele ya mtu anayelia. Kuna kijana mmoja alikuja kuoa kwa ndugu yangu mwaka wa 2009, akalia. Hatukumwona tena.

Siku ni Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe 26 Aprili.

Wako,
Misheck Nyamu
(Mwalimu mstaafu)


Majengo, Meru
12 Machi 2025

Mzee Nyamu, Baba,

Pokea salamu zangu za heshima. Kondoo nimempata. Ni wa kahawia kutoka pua mpaka mkia, masikio yote mazima. Nimemnunua mapema kwa sababu Pasaka ikikaribia wanaisha. Nimemfunga uani nyuma ya chumba changu.

Uliniuliza Desemba kwa nini siendi ofisini kama watu wengine. Baba, ofisi ilifungwa. Kampuni ilituambia kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake. Mimi hukaa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikijibu simu za watu wa Uingereza walionunua viatu mtandaoni vikawabana. Ni kazi ya kweli, na mshahara huingia kila mwezi. Nakuomba uwaambie wazee hivyo, kwa maana nilisikia kwamba mzee Gitari ananiita "yule wa kukaa nyumbani".

Tarehe 26 nitakuwa langoni kwako.

Mtoto wako,
Kithinji


(karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Mukami wangu,

Hii usimpe baba. Kondoo amefika na ana kiburi. Jana nilikuwa kwenye mkutano wa video, akasukuma mlango kwa kichwa, akaingia, akasimama nyuma yangu akiwaangalia wote mmoja mmoja bila kusema kitu. Wenzangu wakasema anafanana na meneja wetu wa zamani. Sasa tunamwita Meneja.

Nakumiss.
K.


Kibugu
20 Machi 2025

Kithinji,

Aki wewe! Umeambiwa usimzoee, na wiki ya kwanza tayari ana jina? Mfunge uani, mlishe, nyamaza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ileile unayoijua. Nyumba yetu ni ya mbao, nikikohoa chumbani baba ananiambia pole akiwa jikoni. Tena mtandao unashika vizuri barazani tu, na barazani ndipo anapokaa. Mimi nachapa rekodi za mikutano ya watu wa Nairobi kutoka saa mbili asubuhi, na yeye yuko kwenye kiti chake karibu yangu na redio aliyoizima ili isinisumbue. Hasemi kitu. Saa nne ananiletea chai, saa saba ananiuliza kama nimechoka. Tangu mama afariki ndivyo siku zinavyokwenda. Sijui nikiondoka atamnyamazia nani.

Lakini nitaondoka. Tarehe 26 usichelewe.

Mukami


Majengo
10 Aprili 2025

Mzee Nyamu, Baba,

Kwa aibu kubwa naomba tusogeze siku. Meneja ana homa tangu Jumatatu. Hali chakula, anakohoa, na hana mtu mwingine wa kumwangalia isipokuwa mimi. Daktari alikuja mara mbili akamdunga sindano. Siwezi kumwacha katika hali hii nikasafiri mpaka Embu.

Nisamehe.
Kithinji


Kibugu
17 Aprili 2025

Kijana wangu Kithinji,

Nimesoma barua yako mara tatu, na kalamu nyekundu nimeiweka chini.

Nilikuwa na mashaka juu yako, nakiri. Lakini kijana anayemuuguza mkubwa wake wa kazi mpaka anaahirisha sherehe yake mwenyewe, huyo ana moyo. Nimewaambia wazee. Hata Gitari alikusifu kidogo, jambo ambalo si la kawaida.

Ila niulize: Meneja hana mke? Hana ndugu? Watu wa mijini mnaishi vibaya. Mpe uji wa wimbi mwepesi na umfunike vizuri kifuani. Jumapili nitalipeleka jina lake kanisani aombewe.

Kuhusu tarehe, usiwe na haraka hata kidogo. Tuseme Juni. Au hata baada ya Juni. Kondoo naye aendelee kunenepa.

Wako,
Misheck Nyamu


Majengo
28 Aprili 2025

Mukami,

Nimekwisha. Niliandika barua ile saa sita mchana huku mteja mmoja akinipigia kelele sikioni kuhusu buti, na mkono ukaandika "Meneja" kama kawaida. Baba yako anadhani ninamuuguza bosi. Ameombewa kanisani! Nikimwambia sasa kwamba ni kondoo, nitakuwa mtu aliyempa mnyama wa sherehe jina, akamwitia daktari, na akadanganya kanisa. Nifanye nini?

Na kuna jambo lingine sijakuambia. Mwaka jana sikuwa sawa. Ulikuwa ukiniuliza kwenye simu nikisema niko poa, lakini kulikuwa na wiki nilikuwa sitoki mlangoni siku nne, natoka kitandani naingia kwenye kiti, natoka kwenye kiti naingia kitandani, chai na mkate, mkate na chai. Watu pekee niliozungumza nao ni watu waliokasirishwa na viatu. Nilienda kliniki kwa sababu ya kichwa, nikakutwa na presha. Nina miaka thelathini na tatu, Mukami!

Huyu kondoo hajui mambo ya zamu. Saa kumi na mbili na nusu anagonga mlango kwa pembe mpaka nitoke. Lazima nimpeleke kula majani kando ya mto, na mchana tena. Njiani watu wananisimamisha. Nimekaa Majengo miaka miwili nikijua jina la mwenye nyumba tu. Sasa najua watoto wote, najua wazee wanaokaa nje ya msikiti, najua Kiunga wa bucha, ambaye kila asubuhi humpapasa Meneja mgongoni na kuniambia "bado kidogo". Nalala vizuri. Presha imeshuka, daktari akaniuliza natumia dawa gani. Nilisema natembea.

Hata kazini. Juzi mama mmoja wa Scotland alikuwa ananifokea, Meneja akalia mbeee! Mama akauliza, huyo ni kondoo? Nikasema ndiyo. Akasema kwa sauti hiyo anataka chumvi. Tuliongea dakika ishirini. Viatu vyenyewe alisahau.

Mukami, mimi siwezi kumtembeza huyu mpaka langoni kwenu akachinjwe. Nakupenda na siwezi. Usinikasirikie.

Kithinji


Kibugu
5 Mei 2025

Kithinji,

Sikukasirikii kuhusu mwaka jana. Nakukasirikia kwamba ulisema uko poa. Siku nyingine ukiwa hauko poa uniambie, hata kama baba yuko barazani anasikiliza.

Kuhusu kondoo, nimecheka mpaka baba akaniuliza rekodi ninayochapa ni ya mkutano gani. Nikasema ni wa wahasibu.

Sitamwambia. Utamwambia wewe mwenyewe, kwa maandishi yako, kabla ya Juni kuisha. Nakupa nafasi hiyo kama mwanamume.

Mukami


Kibugu
11 Juni 2025

Kijana wangu Kithinji,

Nafurahi kusikia kwamba Meneja amepona. Nimekaa nikafikiri, nikaona Juni si mwezi mzuri kwa sherehe. Baridi ni kali, wazee wanakohoa, barabara ya kutoka Embu ina utelezi. Julai nayo ni baridi. Agosti shule zimefungwa, watoto ni wengi. Labda tungoje mvua za vuli zipite.

Nimeona pia kwamba si vizuri tufanye jambo kubwa bila kumshirikisha mtu uliyemtendea wema hivyo. Namwalika rasmi Bwana Meneja awe mgeni wetu wa heshima. Ataketi kati yangu na Gitari. Kipande cha kwanza cha kondoo, cha bega, kitakuwa chake, na atasema maneno machache.

Naomba uniandikie jina lake kamili ili liwekwe kwenye kadi.

Wako,
Misheck Nyamu


Majengo
18 Juni 2025

Mzee Nyamu, Baba,

Asante kwa mwaliko. Nimeupokea nikiwa nimeketi, na nimeendelea kuketi.

Kuhusu kungoja, Baba, nakubaliana nawe kabisa. Hakuna haraka. Mvua za vuli zipite, hata za masika zikija tuzitazame kwanza.

Kuhusu Meneja kuwa mgeni wa heshima, naona itakuwa vigumu. Si mtu wa maneno mengi. Pia hali nyama. Hajawahi kuonja tangu azaliwe, na nadhani akiona kipande hicho cha kwanza atasikia vibaya sana.

Hapa Majengo Idd ilipita salama. Ilikuwa wiki ya wasiwasi kwangu, kwa sababu majirani wote waliamini kondoo wangu ni wa siku hiyo. Mwenye nyumba alileta kisu chake mwenyewe, kimenolewa, akasema ni msaada. Kiunga alikuja na kamba. Nilifunga mlango nikasema niko kazini. Sasa Idd imekwisha na kondoo yuko, na watu wananiangalia kama mtu mwenye siri.

Mtoto wako,
Kithinji


Kibugu
26 Juni 2025

Kijana wangu,

Mtu asiyekula nyama atapikiwa mukimo wa viazi vya kupondwa na mboga. Hilo lisikusumbue wala lisimsumbue. Mwambie hatutamlazimisha kuhutubia. Atatikisa kichwa tu.

Nafurahi kwamba tunaelewana kuhusu kutokuwa na haraka. Ni nadra siku hizi mkwe kumwelewa mkwe namna hii.

Misheck Nyamu


Kibugu
14 Julai 2025

Kwa Baba yangu, Misheck Nyamu, barazani;
na kwa Kithinji, Majengo:

Nawaandikia barua moja, nakala mbili, ili asiwepo wa kusema hakusikia vizuri. Baba, yako nimeiweka chini ya kikombe chako. Tafadhali isome yote kabla ya kuniita.

Juni imekwisha. Nimesoma barua zenu zote, Baba kwa sababu hunipa nizipeleke Embu mjini bila kufunga bahasha, na Kithinji kwa sababu huzituma kwa mkono wangu. Mnaandikiana vizuri sana. Mnakubaliana kila mara. Mngeendelea hivi, mngekubaliana mpaka mimi niwe bibi kizee hapa barazani.

Baba, Meneja si mtu. Meneja ni kondoo. Ndiye yule wa kahawia, wa sherehe. Kithinji alimpa jina, akamzoea, na hawezi kumleta achinjwe. Alikuwa mgonjwa kwa upweke wa kukaa peke yake na kompyuta, na mnyama huyo alimtoa nje. Ndiyo sababu anaahirisha. Hakukudharau. Alikuogopa wewe na mjomba Gitari.

Kithinji, baba naye hasogezi tarehe kwa sababu ya baridi. Amezaliwa hapa, baridi ameizoea. Mwezi uliopita alikuwa jikoni na mjomba, nami chumbani. Mjomba alimuuliza, "Misheck, unangoja nini?" Baba akasema, "Huyu mtoto akiondoka, nyumba itanyamaza. Sijui asubuhi nitamwamkia nani." Nilichapa sentensi ile ile ya mkutano mara nne, nikifuta, nikichapa.

Baba, ningependa ungeniambia mimi.

Sasa sikilizeni. Sherehe ni Jumamosi tarehe 16 Agosti. Jana nilienda kwa Munyi, jirani yetu, nikanunua kondoo dume kwa pesa zangu. Ni mweupe, hana kovu. Huyo ndiye atakayechinjwa. Hana jina, na atakayempa jina nitamkasirikia mpaka Krismasi. Kithinji, wewe njoo na Meneja. Aingie langoni kwa miguu yake, kama ilivyosemwa, kisha abaki hapa na baba. Mimi ninakuja Meru, na chumba chako hakitutoshi watatu.

Mjomba Gitari nimeshamwambia. Alicheka mpaka akashika mti.

Binti yenu na mchumba wenu,
Mukami


Kibugu
15 Julai 2025

Kithinji,

Kondoo ameombewa Jumapili tatu mfululizo. Jina lake lilisomwa mbele ya waumini wote, baada ya mgonjwa wa figo na kabla ya watahiniwa. Mzee mmoja wa kanisa bado huniuliza hali yake, na mimi humjibu anaendelea vizuri. Sijui nitaanzia wapi.

Nimekasirika siku nzima. Jioni nikakumbuka kwamba nami sikusema ukweli, na kwamba wewe angalau ulikuwa na mgonjwa.

Mambo aliyoyaandika Mukami kunihusu ni ya kweli. Sitayarudia.

Tarehe 16 Agosti, saa nne. Usichelewe, na umpige Meneja brashi.

Misheck Nyamu


Majengo
21 Julai 2025

Baba,

Nisamehe kwa uongo. Nitakuja. Nimemwambia Kiunga wa bucha kwamba Meneja anahama, akasema basi tumpige picha, na mtaa wote ukajaa uani. Mwenye nyumba alishika pembe upande mmoja, Kiunga upande mwingine. Watoto wawili walilia. Mimi pia, lakini nilimalizia hapa Majengo, ili Agosti nije mkavu.

Baba, kuna jambo dogo unapaswa kulijua. Amezoea kusikia mtu akiongea siku nzima. Kukiwa kimya, hali.

Kithinji


Kibugu
22 Septemba 2025

Wanangu Mukami na Kithinji,

Natumaini mmezoeana na kwamba mnagawana mtandao bila ugomvi. Mukami ameniandikia kwamba mmoja wenu huongea na Waingereza chumbani na mwingine huchapa jikoni, na mchana mnatoka kutembea pamoja hadi mtoni. Endeleeni hivyo hata mvua ikinyesha. Miavuli ipo.

Wiki ya kwanza baada ya ninyi kuondoka ilikuwa mbaya. Sitaficha, kwa sababu nimeambiwa kuficha ndiko kulikotuchelewesha. Nilikaa kwenye kiti changu barazani na kondoo akasimama uani, tukatazamana. Nilimwekea majani ya nepia, akageuza uso. Nilimwekea majani ya viazi vitamu, akageuza uso. Siku ya tatu mbavu zake zikaanza kuonekana, nami nilikuwa sijapika tangu Jumapili.

Basi nikasoma tena barua ya Kithinji. Nikaenda ndani nikachukua daftari langu la zamani la darasa la saba, nikakaa kwenye kibao karibu naye na kuanza kufundisha. Nilianza na ngeli ya M-WA. Nilijisikia mjinga. Nilipofika kwenye mifano alikuwa ameinamisha kichwa anakula. Nikaendelea. Tukamaliza ngeli zote siku hiyo, na mimi nikasikia njaa, nikapika viazi vitatu.

Tangu hapo hatujanyamaza. Asubuhi tunapanda mpaka ukingo wa msitu, ambako majani ni mazuri, na kwa kuwa njia inapita kituo cha chai, wachumaji husimama kuniuliza habari. Nilikuwa sijapita njia hiyo tangu mazishi ya mama yenu. Munyi hutembea nasi siku mbili kwa wiki. Mzee Gitari alikuja Alhamisi kuona kama nimerukwa na akili. Alikuta tuko kwenye utungaji wa insha, akaketi nyuma, akachelewa kurudi kwake.

Kanisani nimeeleza. Nilisimama mbele nikasema yote. Walicheka muda mrefu, kisha kasisi akasema maombi hayarudishwi.

Mmesema mnataka kuja Jumamosi ijayo asubuhi, mfike saa tatu. Nawapenda, na nyama ya kuku ipo. Lakini msije saa tatu. Njooni alasiri. Asubuhi hatuko nyumbani.

Baba yenu,
Misheck Nyamu